Dakika ya Nne ya Epiphanie

Wapishi wengi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hutaka kujua jambo moja tu kuhusu chakula chao: kimeisha au kimebaki. Mpishi mmoja mjane, jina lake Sijaona, alitaka kujua kimekwenda wapi. Akimpakulia mtu maharage saa tano, saa tisa alikuwa ameketi juu ya tairi la lori akimtazama mtu huyohuyo akipigana, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Nani amekula nini, anapumua vipi, amechoka dakika ya ngapi. Hakuandika popote. Yote aliyaweka kichwani, na kichwa chake kilikuwa hakisahau kitu, jambo ambalo watu wa nyumbani kwake hawakulifurahia hata kidogo.

Ua walikopigana ulikuwa wa gereji ya marehemu mumewe, Mohamadi, fundi wa magari aliyefariki katikati ya vita kwa ugonjwa wake wa kifua. Sijaona alipenda kulisema hilo mapema, kwa sababu miaka ile kila mgeni alidhani mjane wa Bujumbura lazima ana risasi katika hadithi yake. Miezi michache baada ya matanga alikuja Melchior, karani wa serikali asubuhi na mwanamieleka mstaafu saa zote zilizobaki. Kikundi chake kilikuwa kimepoteza mahali pa mazoezi, mtaa wao wa zamani ulikuwa umehamwa na watu. Aliomba ua. Sijaona alimkubalia, na ndani ya wiki moja wakawa wamepanga matairi ya lori, wakaweka mbao juu, wakamwaga maranda, wakatandika turubai. Huo ndio ulikuwa ulingo wa mieleka ya maonyesho, ile ya vinyago na majina ya kutisha, ambayo mji mzima unaiita kachi.

Mwanzoni walikula ovyo. Sylvère, mtu wa kilo mia na ishirini aliyejiita Chui wa Rusizi, alimeza bonge la ugali wa muhogo saa nane, saa tisa akapanda ulingoni, na dakika ya sita akatapika mbele ya watu waliokata tiketi. Wenzake walicheka. Sijaona alikwenda kuangalia alichotapika. Aliukuta ugali uko vilevile ulivyoingia, akasimama pale akiwaza, mikono kiunoni, mpaka mtu akamwomba asogee ili wafagie.

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyepika. Ugali ukaliwa saa tano, si baadaye. Nusu saa kabla ya mchezo, ndizi mbivu mbili. Baada ya mchezo, maji ya limau yenye sukari na chumvi kidogo. Maharage kila siku, karanga, ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na mara tatu kwa wiki nyama ya mbuzi, maana ng'ombe wa milimani walikuwa wameporwa na nyama yao ilikuwa imepanda bei, ila mbuzi waliendelea kufika sokoni. Alifanya na majaribio. Alimnyima Sylvère maharage wiki nzima bila kumwambia, ili aone. Aliona: siku ya tano Chui alibebwa na kijana wa kilo sabini. Sijaona alimrudishia maharage yake na hakumwomba radhi, kwa kuwa hakuona kosa.

Wanawake walikuja kwa mlango wa nyuma. Dévote, muuza parachichi, alizoea kupita uani na beseni lake kichwani. Siku moja mwaka 2001 alilitua, akasema jinsi Sylvère anavyomshika mwenzake hata mtoto angechomoka, akakaribishwa kwa dhihaka apande aoneshe. Alipanda. Alimkamata mkanda kijana mmoja, akamkalisha kwenye turubai kama anayepanga mafungu ya mihogo. Jumapili iliyofuata watazamaji waliuliza yuko wapi yule mama wa parachichi. Mwezi haukupita akaja Epiphanie, msichana wa miaka ishirini, mrefu, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyelima na kuteka maji tangu utotoni. Alikuwa amekimbilia mjini na mama yake miaka miwili kabla. Dévote alikuwa na nguvu. Epiphanie alikuwa na akili ya mchezo. Ukimwonesha kitu mara moja, mara ya pili anakufanyia wewe.

Habari za Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, nazo zilikuwa zimefika. Kule, walisema wasafiri, wanawake wanapigana na kumbi zinajaa, na yuko mmoja, Namegabe, mama wa watoto wawili, anayembeba mwanaume begani na kumzungusha huku akiimba. Melchior alimwita aje Bujumbura apigane na Epiphanie kwenye ukumbi wa kukodi kule Bwiza. Ingekuwa mara ya kwanza kwake kuwapandisha wanawake wawili peke yao, bila mwanaume wa kuchekesha katikati, na alikuwa na wasiwasi kama bwana harusi.

"Sikiliza," alimwambia Sijaona mbele ya kikundi kizima. "Namna ya kumaliza tumeshasikilizana. Namegabe anashinda dakika ya kumi na moja. Lakini kabla ya pale iko dakika kumi, na ile dakika kumi hakuna mutu wa kuipanga. Mapafu ndiyo inapanga. Huyu mutoto akikatika kabla ya dakika kumi, watu watazomea, na mi nafunga mambo ya wanawake. Itabaki kachi ya wanaume tu. Dévote naye arudie parachichi yake."

"Atafika," alisema Sijaona. "Mi ndiyo namulisha."

Alisema hivyo kwa sauti, kila mtu akasikia, na Epiphanie akainamisha kichwa.

Zilibaki wiki sita. Na hapo ndipo Sijaona alipogundua dakika ya nne.

Dakika ya kwanza Epiphanie alikuwa moto. Ya pili, ya tatu, anarusha, anachomoka, anaanguka vizuri na kuinuka vizuri. Ikifika ya nne magoti yanalegea. Midomo inakuwa myeupe. Mikono inashika lakini haifungi. Leo dakika ya nne, kesho dakika ya nne, keshokutwa hivyohivyo. Sijaona hakuwahi kuona kitu cha kushangaza namna hiyo. Mtu mchovu huchoka leo mapema na kesho baadaye. Huyu alikuwa anazimika kwa saa.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Sylvère alisema ni watu wa Bukavu wamemfanyia kitu. Khadidja, jirani wa Sijaona, alishauri asomewe, akasema hata maji ya kusomea anayo tayari. Dévote alisema ni mapenzi. Sijaona alizisikiliza zote, kisha akaenda kuchunguza. Alimuuliza Epiphanie analala saa ngapi. Alimtazama kucha na ndani ya kope. Alimpeleka zahanati akapewa dawa ya minyoo, na minyoo haikuwepo. Alimuuliza wazi, mwanamke kwa mwanamke, kama ana mimba, na msichana akashtuka hadi akakaa chini.

"Apana, Mama! Apana kabisa!"

"Basi ni nini?"

"Sijui, Mama."

Alijua. Lakini hilo Sijaona alikuja kulifahamu baadaye.

Kwa kukosa jibu lingine, Sijaona alifanya ambalo mpishi yeyote wa Buyenzi angelifanya: aliongeza mbuzi. Wengine walipewa kipande kimoja, Epiphanie viwili. Kisha vitatu. Asubuhi alimwandalia supu ya kichwa kwenye kikombe kikubwa. Halafu akaona haitoshi, na bila kumwambia mtu akaanza kuchemshia maharage yenyewe kwenye mchuzi wa mifupa ya mbuzi, ili nguvu impate kila upande. Alijivunia sana hila hiyo. Wiki moja ikapita. Dakika ya nne ikawa dakika ya tatu.

Wakati huohuo Dévote alikuwa ananenepa. Chakula chake kilikuwa kilekile, kipande kimoja kama wenzake, lakini kitenge chake hakikufunga tena na mashavu yake yalikuwa yanang'aa. Jambo hilo lilimkaa Sijaona kichwani siku mbili nzima. Siku ya tatu alichukua kigoda akaenda kula na wanamieleka.

Lazima lielezwe kwa nini hakuwa amefanya hivyo mapema. Chakula kililiwa kwenye masinia, watu watano watano, kila mmoja upande wake, na mpishi akija mwisho kuweka nyama mbele ya kila mtu. Na Sijaona alilelewa vizuri. Kwao, mtu anapokula humtazami mkono. Unatazama mbele yako, unaongea habari za watu wengine, na mkono wa mwenzio ni kama haupo. Kumwangalia mgeni anakula ni kumwambia kwamba unahesabu tonge zake. Miezi yote ile alikuwa amewachunguza watu wakipigana, wakipumua, wakitapika hata, lakini wakila hakuwatazama hata mara moja. Leo aliketi mbele ya Epiphanie, akamwomba Mungu amsamehe ukosefu wa adabu, akakaza macho.

Epiphanie alimega ugali kutoka ukingoni, mahali ambapo mchuzi haukufika. Aliutafuna mkavu. Maharage hakuyagusa. Kipande cha kwanza cha nyama alikifunika kwa tonge, akakisukuma polepole kwa kidole gumba, kikapita chini ya ugali kama panya chini ya mkeka, kikatokea upande wa Dévote. Dévote, akiwa anasimulia habari za mume wa dada yake, alikiokota bila kuangalia akakitia kinywani. Kikafuata cha pili. Kisha cha tatu.

Sijaona akaelewa. Kwa wiki tatu alikuwa akimlisha Dévote.

Alingoja watu wamalize, akamwita Epiphanie jikoni, akafunga mlango.

"Unakataa chakula yangu?"

"Apana, Mama. Chakula yako ni muzuri."

"Basi juu ya nini haukule nyama?"

Msichana alisimama akikunja ncha ya fulana yake.

"Ni mbuzi," alisema mwishowe. "Kwetu mwanamuke hakule mbuzi. Mwenye kukula anaota ndevu."

Sijaona alizaliwa mjini, baba yake alizaliwa mjini, na mambo ya watu wa milimani alidhani anayajua. Alijua kwamba wengi wao hawanywi maziwa siku waliyokula karanga au mashaza, yaani njegere, na hilo aliliheshimu tangu siku ya kwanza; alipanga maziwa siku moja, karanga siku nyingine, akadhani amemaliza. Hili la mbuzi aliwahi kulisikia utotoni kama mzaha wa bibi vizee. Miaka hii wanawake wa kila kabila walikuwa wanakula mishikaki ya mbuzi barabarani mchana kweupe, wanalamba na vidole.

"Dévote anakula," alisema. "Iko na ndevu?"

"Dévote iko na bwana na watoto. Hakuna mutu anamuuliza kama ni mwanamuke." Akaivuta suruali yake pajani. "Mi navaa pantalon. Nanyanyua wanaume. Kule mutaani watoto wananiita monsieur, kama mwanaume. Ata mama yangu alilia siku nilimwambia nacheza kachi. Kiisha akakubali. Akasema, fanya ata nini, lakini usikule mbuzi. Nikamuapia. Ni kitu moja tu aliniomba."

"Na maharage? Maharage haina mbuzi."

Epiphanie alimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye mkubwa.

"Iko nayo, Mama. Supu ya asubuhi nilikuwa namwanga, lakini maharage nilikula siku tatu. Siku ya ine nikakuta mufupa." Akajishika kidevu bila kujua. "Sasa ni Jumapili mbili siyaenda kumuona mama. Ananiulizaka kila mara. Nitamwambia nini?"

Hapo Sijaona akakaa kwenye gunia la mkaa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuwaka masikioni. Yeye na hila yake ya jikoni. Kadiri alivyozidi kumsaidia mtoto huyu ndivyo alivyozidi kumnyima, mpaka amembakishia ugali mkavu na hofu.

Melchior aliposimuliwa hakuona aibu ya mtu yeyote. Alihesabu siku kwa vidole, zilikuwa ishirini na tatu.

"Ni rahisi," alisema. "Unaitwanga ile nyama kwenye kinu, unachanganya na sombe. Hataona, hatajua. Kiisha ya match tunamwambia. Ao tunanyamaza."

Ukweli usemwe: Sijaona alijaribiwa. Alijua kabisa jinsi ya kulifanya. Nyama ikaushwe kwanza, itwangwe iwe unga, iingie kwenye sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, pamoja na mawese na kitunguu kingi, na hata Melchior mwenyewe asingeitambua. Na udadisi wake nao ulimnong'oneza: ndani ya wiki moja ungejua kama kweli ni nyama inayokosekana, au ni kitu kingine. Alisimama na wazo hilo kwa muda, akaligeuza huku na huku, na lilikuwa zuri kila upande.

Kisha akawatazama watu waliokuwa wakifunga turubai. Wote, isipokuwa wawili, walikuwa Wakristo. Muda wote huo hakuna nguruwe aliyeingia kwenye ua wake, yeye akiwa Mwislamu. Siku Sylvère alipokuja na mshikaki wake wa nguruwe ndani ya gazeti, ni Melchior huyuhuyu aliyemfukuza mpaka barabarani, akamwamuru anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa sinia. Wangeweza kumfanyia lolote asijue. Hawakumfanyia.

"Melchior," alisema, "kama mutu angenitilia nguruwe mu sombe, kiisha akaniambia nyuma ya match, ungesema nini?"

"Ile ni dini."

"Ni dini yangu. Huyu aliapia mama yake. Toka kwa jiko yangu."

Melchior alitoka. Alipofika mlangoni alikumbusha tu kwamba dakika ni kumi, hata kwa mtu aliyeapa.

Jumapili, Sijaona alimchukua Epiphanie wakapanda mpaka Mutanga Sud, ambako mama yake alikuwa amepewa chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu wa chuo kikuu, akiwafulia nguo. Walimkuta mikono iko ndani ya povu. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa mabaya mengi na anangoja lililobaki. Aliongea Kirundi, nacho Sijaona alikielewa vizuri.

Sijaona hakuzungusha maneno. Alisema yeye ndiye mpishi, kwamba alitia mchuzi wa mbuzi kwenye maharage bila kuuliza, kwamba msichana alikula siku tatu akiwa hajui, na alipojua aliacha, akashinda na njaa kuliko kuvunja kiapo chake. Alisema amekuja kuomba msamaha kwa kinywa chake mwenyewe.

Mama alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya mtama na mrija. Akamwekea Sijaona mbele. Kwao, jambo likishasemwa watu hunywa pamoja. Asiyekunywa hajamaliza maneno yake.

Sijaona alikitazama kibuyu. Epiphanie alifunika uso kwa viganja.

"Sinywi pombe, mama."

"Unaumwa?"

"Dini yangu inakataza."

Mama aliangalia ua mzima, ukuta, kamba ya nguo, mashati ya mwalimu yanayodondosha maji.

"Hapa tuko watatu. Watu wa msikitini kwenu wako Buyenzi."

"Ndiyo, wako mbali."

"Basi nani atakuona?"

"Hakuna," alisema Sijaona. "Ila mimi nitajua nimekunywa."

Walitazamana. Kitu fulani kililegea usoni mwa yule mama, kidogo tu, pembeni ya mdomo. Alikiondoa kibuyu mwenyewe, akaleta maji kwenye kikombe cha bati, akanywa nusu, nusu akampa mgeni. Kisha akamvuta binti yake kwenye mwanga, akamshika kidevu, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, akakipapasa kwa gumba lililolainishwa na sabuni.

"Hakuna kitu," alisema. "Siku tatu za kutojua si kitu." Akamgeukia Sijaona. "Ale kwako. Lakini ununue sufuria nyingine."

Sijaona alinunua sufuria nyingine siku hiyohiyo, akaifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio ili isichanganywe na zile za zamani. Kila alichotaka kupika alikiuliza kwanza. Mayai unakula? Ndagala? Sangala? Maini ya kuku? Epiphanie alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akicheka sasa, maana hakuna mtu aliyewahi kumhoji hivyo hata askari wa barabarani. Jumatatu na Alhamisi, Sijaona alishuka hadi Kajaga barabara ilipokuwa wazi, akanunua ndagala kwa wavuvi wenyewe, zilizokauka vizuri, akazikaanga na kuzitia kwenye mchuzi wa karanga. Asubuhi mayai mawili. Siku zisizo za karanga, maziwa. Parachichi zilitoka kwa Dévote, ambaye alilia alipojua nyama alizookota zilikuwa za nani, akaleta beseni zima kama fidia.

Na Sijaona akarudi kwenye tairi lake kutazama. Wiki ya kwanza, dakika ya nne ilikuja, ikapita, magoti yakasimama. Yalilegea ya tano. Wiki ya pili, ya saba. Alifurahi mpaka usingizi ukamkimbia. Lakini wiki ya tatu Epiphanie alifika ya tisa, kesho yake ya tisa, na Ijumaa, zoezi la mwisho, ya tisa na nusu, akaketi chini mwenyewe. Kumi hakuifikia hata mara moja. Melchior aliona, akaondoka.

Jumapili asubuhi ilisikika milio ya risasi kutoka milimani, watu wakadhani ukumbi utakuwa mtupu. Saa nane ulikuwa umejaa hadi madirishani. Walikuja wanawake wa sokoni, walikuja wanafunzi, walikuja wazee waliosema wamekuja kuona upuuzi. Namegabe aliingia na viatu vyake vya kamba ndefu na kitenge cha dhahabu begani, akiimba kweli, na ukumbi ukamwimbia kiitikio. Epiphanie aliingia kimya. Sijaona alikaa mstari wa mbele, sufuria iko miguuni, kifuniko chake kimefungwa kwa kile kitambaa chekundu, na mapajani amepakata saa ya ukutani ya gereji, aliyoing'oa asubuhi kwa sababu hakuamini saa ya mtu mwingine.

Dakika ya nne hakuweza kutazama. Alifumba macho akasikiliza miguu. Alipofumbua ilikuwa ya tano, Epiphanie amemzungushia Namegabe mkono kiunoni na mama wa watu ameacha kuimba. Ya saba, msichana alirushwa nje ya kamba, akarudi. Ya tisa. Sijaona alikuwa anaongea na saa sasa, anaibembeleza. Tisa na nusu, Epiphanie aliinama, mikono magotini, akavuta pumzi moja ndefu, na Melchior pembeni akafunika macho. Kisha msichana akanyooka. Kumi.

Ukumbi haukujua ni kumi. Waliojua ni Melchior, aliyekaa kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba, na Sijaona, aliyepiga kigelegele peke yake katikati ya ukimya hadi watu wakageuka.

Ikaja ya kumi na moja. Namegabe alimbeba Epiphanie, akamlaza chini kama walivyopatana, mwamuzi akaanza kuhesabu. Moja, mbili. Epiphanie akainuka.

Ukumbi ulilipuka. Melchior alisimama akionesha kwa kiganja, chini, chini. Ya kumi na mbili, Epiphanie ndiye aliyebeba. Ya kumi na tatu walikuwa wameshikana kwenye kamba, karibu kabisa na Sijaona, Namegabe akihema, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"We mutoto," alimnong'oneza, "anguka basi. Tulisema kumi na moja. Mi nimechoka."

"Samahani, Mama. Nilisahau."

Na alikuwa amesahau kweli. Hata uso wake ulionesha. Ya kumi na nne alijilaza mwenyewe kwa adabu, akahesabiwa hadi tatu. Namegabe aliinuliwa mkono wa ushindi, na ule mwingine akautumia kumnyanyua msichana, akamshika hivyo mbele ya watu muda mrefu kuliko alivyoimba. Melchior alinyakua kipaza sauti akatangaza wanawake tena baada ya majuma mawili, wanawake wanne safari hii, kisha akakiweka chini akaanza kugomba: alisema kumi na moja, kumi na moja ni kumi na moja, huu si mchezo.

Epiphanie hakumsikiliza. Alishuka kwa ngazi ya mbao, miguu wazi, akapita katikati ya mikono iliyotaka kumgusa, akaja kukaa sakafuni mbele ya Sijaona. Alitazama juu.

"Mama," alisema, "mi niko na njaa."

Sijaona aliweka saa chini. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona. Aliivuta sufuria, akaanza kufungua kitambaa, na vidole vyake vikakosa fundo mara mbili.